MANENO YA BWANA SHAMBA: Mpira Mgumu Kama Mpingo



Mwezi huu tujifunze juu ya kitu kimoja chenye majina mengi. Kitu hicho ni cheusi na kigumu. Ukikisugua kwa kitambaa kinang'aa kama kinyago. Hakiozi. Mchwa hawakili. Ukimwuliza mzee mmoja ni kitu gani, atasema ni mpingo. Mwingine atasema ni pembe ya nyati. Kijana atasema ni plastiki. Wote watatu wamekosa. Kitu hicho ni mpira.

Utashangaa. Mpira unaoujua wewe unavutika na kurudi. Tyubu ya baiskeli ni mpira. Katambuga za tairi ni mpira. Lakini hapa tunazungumza juu ya mpira ambao ukiupinda kwa nguvu unavunjika. Fundi anaukata kwa msumeno, anautoboa kwa keekee na kuuchonga kama mti.

Labda utauliza: bwana shamba ana kazi gani na habari hii? Kwanza, mpira ni zao la shamba, kama katani na korosho. Pili, dawa inayoufanya uwe mgumu imo katika maghala ya wakulima wengi wa Mtwara na Lindi. Tatu, kitu hiki kimo katika nyua za watu wengi, na mara nyingine kina sumu ndani yake. Watoto wanakichezea na ng'ombe wanakilamba. Kwa hiyo soma polepole mpaka mwisho. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee.

UTOMVU NA SALFA

Mpira huanza kama utomvu mweupe. Mti wa mpira unaolimwa zaidi duniani asili yake ni misitu ya Brazili. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, Henry Wickham, alichukua huko mbegu zipatazo 70,000 akazipeleka Uingereza. Miche iliyoota ikapelekwa Asia. Leo mpira mwingi wa miti unatoka Asia. Hapa kwetu miti hiyo ilipandwa Kihuhwi katika Wilaya ya Muheza, Kalunga katika Mkoa wa Morogoro, na Unguja pia.

Mgemaji huchanja gome asubuhi na mapema. Utomvu unachuruzika ndani ya kikombe. Ukitiwa asidi kidogo unaganda kama mtindi. Halafu unakamuliwa maji na kukaushwa.

Mpira huo mbichi una tabia mbaya. Jua likiwa kali unalainika na kunata kama ulimbo wa kunasia ndege. Baridi ikizidi unakakamaa na kupasuka. Huko Marekani aliishi mtu jina lake Charles Goodyear. Alihangaika na jambo hili miaka mingi, akafilisika, akafungwa kwa madeni. Aliwahi kuitengenezea serikali mifuko ya posta kwa mpira. Joto lilipokuja mifuko ikalegea na kuharibika.

Mwaka 1839 Goodyear alikuwa na mpira uliochanganywa na salfa. Ujuzi wa kutia salfa aliupata kwa mtu mwingine, Nathaniel Hayward. Mpira ule uligusa jiko la moto. Haukuyeyuka. Uliungua kidogo kama ngozi, na pale ulipopata joto la kadiri ukawa imara. Joto halikuunatisha tena, wala baridi haikuupasua.

Salfa ni nini? Wazee wa pwani waliiita kibiriti upele. Ni unga wa rangi ya manjano. Mkulima wa korosho anaijua vizuri. Ndiyo inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa ile ile inayookoa maua ya mkorosho ndiyo inayofanya tairi lisiyeyuke barabarani.

Salfa inafanyaje kazi? Fikiri juu ya nyuzi ndefu za katani zilizolundikwa ovyo. Ukizivuta zinateleza, kila uzi unakwenda njia yake. Mpira mbichi uko hivyo. Ukitia salfa na kupasha moto, salfa inazifunga nyuzi hizo mafundo. Mafundo yakiwa machache unapata kitu kama wavu wa samaki. Unavutika, na ukiuachia unarudi. Mafundo yakiwa mengi sana, nyuzi haziwezi kusogea hata kidogo. Hapo mpira unakuwa mgumu kama gogo.

Kwa hiyo siri yote ni kipimo. Kwa mpira laini, kilo 100 za mpira hutiwa salfa kama kilo 1 hadi 3. Kwa mpira mgumu, kilo 100 hizo hutiwa salfa kilo 30 hadi 50. Kipimo cha katikati hakina faida. Mpira unatoka kama ngozi iliyokauka, hauvutiki vizuri wala haushiki umbo. Tena mpira mgumu unapikwa kwa saa nyingi, joto likiwa karibu nyuzi 150. Kumbuka maji huchemka kwa nyuzi 100. Mpishi wake akiwa na haraka, joto linazidi ndani kwa ndani na kitu kinatoka na matundu kama andazi. Nadhani akina mama wataelewa jambo hilo kuliko mimi.

MAJINA YAKE

Sasa tuje kwenye majina. Majina ya kitu hiki yanawachanganya hata watu waliosoma sana, kwa sababu kila kazi ina jina lake.

London alikuwako fundi wa mpira, Thomas Hancock. Alipata vipande vya mpira wa Goodyear, akavichunguza, naye akatafuta njia yake. Mwaka 1843 alikwenda kuomba hataza. Hataza ni hati ya serikali inayowakataza wengine kuiga ugunduzi wako bila ruhusa. Goodyear alipata hataza ya Marekani mwaka 1844, lakini Uingereza Hancock alikuwa amekwisha kumtangulia. Rafiki wa Hancock, William Brockedon, ndiye aliyeipa kazi hiyo jina. Warumi wa kale walikuwa na mungu wa moto na uhunzi aliyeitwa Vulcan. Kwa kuwa mpira ulipikwa kwa moto na kibiriti, Brockedon akasema mpira huo umetiwa kazi ya Vulcan. Kutoka hapo likapatikana jina la kwanza la mpira mgumu: vulkaniti. Maana yake ni kitu cha mungu wa moto.

Jina la pili ni eboniti. Mwaka 1851 ndugu yake Charles Goodyear, aitwaye Nelson, alipata hataza ya Marekani kwa mpira mgumu. Watu walipouona ulivyo mweusi na unavyong'aa, walikumbuka mti mweusi wa thamani. Jina la mti huo limesafiri sana. Wagiriki wa kale waliuita ebenos, neno walilolipata Misri. Waarabu wakasema abnusi. Sisi wa pwani tukasema abunusi. Kwa hiyo neno eboniti lisikutishe. Eboniti na abunusi ni ndugu wa ukoo mmoja. Jina hili la kizungu lina jamaa katika Kiswahili tangu zamani. (Wataalamu wa miti watakwambia kwamba abunusi wa Asia na mpingo wetu si mti mmoja. Ni kweli. Mpingo ni wa jamaa ya kunde na maharage. Lakini weusi wao unafanana.)

Jina la tatu ni mpira mgumu. Wajerumani hawakutafuta miungu wala miti. Walichukua neno gumu na neno mpira, wakayaunganisha, wakasema Hartgummi. Mimi napenda njia hiyo. Mtu akisikia jina anajua kitu.

Basi: vulkaniti, eboniti, mpira mgumu. Ni kitu kimoja. Waganga wa meno walizoea kusema vulkaniti. Watu wa umeme na walimu wa sayansi husema eboniti. Watengenezaji wa kalamu husema mpira mgumu au eboniti. Ukisoma kitabu kimoja kinasema hivi na kingine vile, usidhani ni vitu vitatu.

Kabla hatujaendelea, neno moja juu ya jina Goodyear. Limo kwenye matairi mengi. Lakini kampuni hiyo ya matairi ilianzishwa mwaka 1898, na Charles Goodyear alifariki mwaka 1860. Kampuni ilichukua jina lake tu kwa heshima. Yeye mwenyewe hakupata utajiri. Mwaka 1851 alijenga banda zima la maonyesho London, kuta na viti vyake vikiwa vya mpira mgumu. Mwaka 1855 alikuwa Paris, akawekwa gerezani kwa madeni, na nishani ya Ufaransa ikamfikia akiwa humo humo. Alikufa akiwa na deni la maelfu ya dola.

KAZI ZAKE

Mpira mgumu una sifa tatu. Hauliwi na asidi. Haupitishi umeme. Na unachongeka vizuri kama mti au pembe. Kwa hiyo ulitumika kutengeneza vichanuo, midomo ya viko na mikono ya simu za kwanza. Kalamu za zamani za kujaza wino pia zilitengenezwa kwa mpira huu. Wazee waliosoma zamani watakumbuka ulimi mweusi ulio chini ya nibu. Huo mara nyingi ni eboniti, kwa sababu wino unashikamana nayo vizuri.

Kazi moja ilileta damu. Zamani meno ya bandia yalishikwa kwa dhahabu. Masikini hakuweza kuyanunua. Vulkaniti ilipokuja, watu wa kawaida Marekani waliweza kupata meno na kutafuna nyama tena. Lakini kampuni moja ilikuwa na hataza ya meno hayo. Kila mganga wa meno alitakiwa kuilipa. Mtunza fedha wa kampuni, Josiah Bacon, aliwafuata waganga mji kwa mji na kuwashitaki. Mwaka 1879, katika mji wa San Francisco, mganga mmoja aitwaye Samuel Chalfant alimpiga Bacon risasi hotelini akafa. Chalfant alifungwa. Hataza ile ilikwisha nguvu mwaka 1881, na kampuni haikuweza tena kudai malipo.

Damu nyingi zaidi ilimwagika Afrika. Kabla mashamba ya Asia hayajaanza kutoa mpira mwingi, viwanda vilinunua mpira wa porini. Huku kwetu ulitoka kwenye mizabibu ya msituni iliyo jamaa ya mabungo, haya tunayokamua maji yake. Watu waliukusanya wakauuza Kilwa na Lindi. Kongo mambo yalikuwa mabaya. Toka mwaka 1885 mpaka 1908 nchi ile ilikuwa mali ya mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Pili. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, na watu wengi waliuawa au kukatwa mikono. Mpira ule ulikwenda kwenye matairi, mabomba, na pia kwenye vichanuo na kalamu. Mtu aliyechana nywele zake Ulaya hakujua.

Wajerumani nao walipanda mpira Tanganyika. Hawakupanda zaidi mti ule wa Wickham, bali mpira wa aina nyingine wa Brazili ulio ndugu wa muhogo. Mwaka 1913 bei ilianguka kwa sababu ya mpira wa Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Lakini mti ulibaki. Watu wa Tanga na Morogoro wanaujua. Majani yake tunapika, ndiyo kisamvu cha mpira. Na katika miaka ya 1930 wataalamu wa kituo cha Amani, Usambara, waliuchanganya mti huo na muhogo ili kupata muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato. Mbegu za kazi hiyo zilifika mpaka Nigeria, na mihogo mingi inayostahimili batobato Afrika leo ina damu yake. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa zaidi tuliyopata katika mpira wa Wajerumani.

KASHA LA BETRI

Sasa nifike kwenye jambo la hatari. Betri ya gari ina asidi kali. Asidi hiyo inakula chuma na inatoboa nguo. Kwa hiyo zamani makasha ya betri yalitengenezwa kwa mpira mgumu. Betri za siku hizi zina makasha ya plastiki nyepesi. Lakini yale ya zamani, meusi na mazito, hayaozi. Ninapotembelea wakulima ninayaona bado. Moja wamenyweshea kuku maji. Jingine wamelijaza udongo wakaotesha mchicha. Jingine liko zizini.

Mpira wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kilichokuwa ndani. Bamba za betri ni za risasi, madini yale mazito na laini ambayo wavuvi huyatumia kuzamisha nyavu. Risasi ni sumu. Vumbi lake linabaki kwenye kona za kasha hata ukilisuuza mara nyingi. Kuku akinywa maji humo, sumu inaingia katika yai. Mtoto akishika kasha na kutia vidole mdomoni, sumu inaingia mwilini na inakaa miaka mingi katika mifupa. Dalili zake zinafanana na magonjwa mengine: tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua, mtoto kuwa mzito wa kujifunza. Mara nyingine hakuna dalili yoyote, na akili ya mtoto inadhurika kimya kimya. Ukiwa na mashaka mpeleke kituo cha afya, ukamweleze mganga wazi kwamba nyumbani palikuwa na betri kuukuu.

Ng'ombe wanakufa upesi zaidi. Wanapenda kulamba bamba za betri iliyovunjika. Ndama aliyelamba anayumba, anasaga meno, anakuwa kipofu, halafu anaanguka. Wafugaji husema amerogwa. Kabla hujamtafuta mchawi, tafuta kwanza betri malishoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Betri kuukuu usiivunje. Asidi yake usiimwage chini. Bamba zake usiziyeyushe jikoni ili kupata vizamisho vya nyavu, maana moshi na vumbi lake vinawafikia wote waliomo nyumbani. Iweke imesimama, mbali na watoto na mifugo, mpaka uiuze ikiwa nzima kwa mnunuzi wa betri kuukuu. Thamani ya risasi ipo, atailipa. Kasha tupu la zamani nalo mpe. Asipolitaka, lisiwekewe chakula, maji wala mboga.

Wala usilichome moto. Kumbuka vile vipimo: salfa kilo 30 mpaka 50 kwa kilo 100 za mpira. Ukichoma mpira huo salfa inatoka kama hewa kali inayokaba koo. Mwenye pumu anaweza kuzidiwa.

KUITAMBUA

Utaijuaje eboniti? Iko njia rahisi kwa kitu kidogo ambacho hakikuwa na betri, kama kalamu au mdomo wa kiko. Kisugue kwa nguvu kwa kidole gumba mpaka kipate joto, halafu nusa. Eboniti inatoa harufu ya salfa, kama kijiti cha kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Plastiki haina harufu hiyo. Mpingo nao hauna.

Njia nyingine wataipenda watoto. Kata vipande vidogo vya karatasi kavu. Sugua chanuo la eboniti kwa kitambaa cha sufu, lilete karibu na karatasi. Vipande vitaruka na kuling'ang'ania. Hiyo ndiyo sababu fimbo ya eboniti hutumiwa darasani kufundishia umeme. Ila njia hii haitofautishi na plastiki, maana baadhi ya plastiki zinafanya vivyo hivyo. Pua ni bora.

Tazama na rangi. Eboniti iliyoachwa juani miaka mingi inapoteza weusi wake, inakuwa ya kahawia au kijani kibichi kilichofifia. Mpingo haufanyi hivyo. Kwa hiyo kama una kalamu ya babu, iweke kivulini, na usiioshe kwa maji ya moto, maana inalainika na kupinda.

Plastiki zimechukua kazi nyingi za mpira huu. Lakini kazi hazijaisha. Klarineti ni zumari la Kizungu la bendi. Zile nzuri huchongwa kwa mpingo wa Tanzania na Msumbiji, na baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilwa vinauza mpingo huo kutoka misitu yao wenyewe kwa mpango. Lakini kile kipande cha juu, anachotia mpigaji mdomoni, hata leo mara nyingi ni cha eboniti. Mti wa mpingo unahitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kukatwa. Eboniti inapikwa kwa saa chache. Katika chombo kimoja mnakutana mti na mpira uliopewa jina la mti mweusi.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya salfa ya mikorosho: wakati wa kupuliza, kiasi cha kutumia kwa kila mti, na jinsi ya kuzuia isikuingie machoni. Kama una swali, liandike ulilete kwa bwana shamba wa kata yako.